Barua Iliyokuwa Ndani ya Kielelezo

Ognyan alikuwa hata koti hajavua alipouliza. Alikuwa ametoka Hispania, anakopaka rangi nyumba za watu, na begi lake la magurudumu lilikuwa bado limelala katikati ya mlango wa jikoni. Akamnyanyua Bilyana, mtoto wa marehemu kaka yake, akambusu shavu hili na hili, akamweka chini, kisha akasema:

"Na ile barua ya baba yake, shemeji? Umeshamsomea, au unangoja akue kidogo?"

Zornitsa alikuwa mezani akichanganya ngano ya kuchemsha na sukari ya unga, chakula cha kuwakumbuka wafu. Kesho yake mumewe, Kalin, angetimiza miezi sita kaburini, na watu wangekuja kanisani. Mkono wake ukasimama na mwiko wake.

"Barua gani?"

"Barua. Ya Kalin." Ognyan akacheka kidogo, akidhani anataniwa. "Wee Zori, usinitie wasiwasi. Si alinipigia simu siku ile ile, kabla hajapanda basi la kwenda hospitali? Akaniambia, mdogo wangu, nimemwandikia binti yangu barua, na mwishoni nimemwandikia mama yake. Nikamwuliza umeiweka wapi, usije ukaipoteza kama unavyopoteza soksi. Akasema, nimeiweka mahali ambapo Zori ataiona hata kama hataki. Nimeiweka kwenye Kielelezo."

Zornitsa akauachia mwiko. Ukazama kwenye ngano mpaka ukafunikwa.

"Zori? Mbona umekaa chini? Zori!"

Kielelezo lilikuwa jina la faili moja kwenye kompyuta ya duka lao la fotokopi, pale mkabala na kanisa. Duka lile lilipiga chapa vyeti, fomu za shule na picha za pasi, lakini kazi yake hasa ilikuwa matangazo ya misiba. Mtu akifa katika mji wetu, tangazo lake lazima liwe mlangoni kwake kabla hata ya maua: picha, msalaba, jina, miaka, maneno machache, na fremu nyeusi kuzunguka karatasi. Linabandikwa mlangoni, kwenye nguzo za umeme, kituoni, na kwenye mti wowote ulio karibu na duka la mkate. Kisha linachapwa jingine siku ya arobaini, na la miezi mitatu, na la miezi sita, na la mwaka. Kuna milango ambayo haijawahi kukaa bila karatasi tangu Zornitsa akiwa msichana.

Kwa miaka tisa Kalin hakuwahi kutengeneza tangazo jipya. Alikuwa na Kielelezo. Fremu imo, msalaba umo, nafasi ya picha imo. Unalifungua, unalikuta limekaa na maiti wa juzi, unaufuta wasifu wake, unaandika wa leo, unahifadhi, unachapa. Kila marehemu alilala mahali pale pale pa mwenzake. Zornitsa naye, alipoanza kumsaidia mumewe baada ya uzazi, alifundishwa hivyo hivyo: chagua yote, futa, andika, hifadhi, chapa, funga.

Na hivyo ndivyo alivyofanya siku ile.

Kalin alikuwa ameondoka Jumanne kwa basi la saa tisa. Moyo ulikuwa unamsumbua tangu kiangazi, na daktari alitaka kumfungua siku ya Alhamisi. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alimwambia mkewe asimsindikize. "Kesho ufungue duka mapema kama kawaida, sawa? Mapema." Akalisema mara mbili, na Zornitsa akaona ni ule ubahili wake wa siku zote wa kuogopa kupoteza mteja.

Simu ikalia Jumatano kabla hakujapambazuka. Moyo haukungoja Alhamisi.

Saa sita mchana alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Jirani alitaka kumsaidia, apeleke kazi ile duka la mji wa pili, akakataa. "Nitamwandika mwenyewe," akasema. "Hakuna mtu mwingine wa kumwandika." Akafungua Kielelezo. Lilikuwa na maneno mengi, marefu, yamejaza ukurasa, bila picha. Akadhani ni wale wateja wanaowatungia bibi zao mashairi. Hakusoma hata mstari mmoja. Akachagua yote, maneno yakageuka rangi ya bluu kuanzia juu mpaka chini, akayafuta. Akaandika: Kwa huzuni kubwa. Akahifadhi, akachapa nakala arobaini, akafunga.

"Niliifuta mimi," alimwambia Ognyan pale jikoni. "Ilikuwa mbele yangu. Niliifuta kwa mkono huu, nikaandika kifo chake juu yake."

Ognyan hakujua afanye nini na mikono yake. Akalichukua lile bakuli la ngano, akaanza kuutafuta mwiko ndani.

"Kompyuta hazisahau," akasema. "Wenyewe wanasemaga hivyo. Si una yule mwalimu wako wa jioni?"

*

Mwalimu Latinka alikuwa na miaka sabini na mmoja. Zamani alikuwa mpimaji wa mashine kwenye kiwanda cha kompyuta, hadi kilipofungwa, na sasa alikuwa anafundisha darasa la kompyuta la jioni kwenye nyumba ya utamaduni, Jumanne na Alhamisi, akina mama kumi na moja na mstaafu mmoja wa reli. Kalin ndiye aliyemsukuma mkewe ajiandikishe. Latinka alivuta sigara mlangoni, alifoka kuliko kengele, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwogopa.

Akaingia dukani alasiri ile na miwani yake ikining'inia kwa mnyororo.

"Umegusa kitu tangu ulipojua?"

"Hapana, mwalimu."

"Usiguse. Hata usipumulie. Kalia mikono yako."

Zornitsa akaikalia kweli, kama mtoto. Latinka akavaa miwani.

"Sasa nisikilize, binti, nikueleze kabla hatujatafuta, ili usije ukatarajia miujiza. Programu ya kuandikia ni fundi cherehani mwoga. Haigusi kitambaa cha mteja mpaka iwe na vipande vyake vya akiba. Ukifungua faili, yenyewe inatengeneza mafaili mengine kimyakimya, ya muda tu. Moja linashika jina la aliyefungua, ili mwingine asiingilie. Jingine linashika maandishi yalivyokuwa kabla hujahifadhi mara ya mwisho, ili likitokea la kutokea, isije ikakosa vyote. Inayaficha, maana inajua mna vidole. Ukimaliza na kufunga vizuri, inafagia kila kitu na kwenda zake. Ukiikatia umeme ghafla, haiwahi kufagia. Vipande vinabaki sakafuni."

"Kwa hiyo mtu aliyefunga vizuri..."

"Hakuacha kitu."

"Siku ile nilifunga vizuri. Hata nilikuwa nalia, nikafunga vizuri. Ulitufundisha mwenyewe."

Latinka aligonga meza kwa kidole mara mbili. Kisha akageuka na kiti.

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Mumeo. Alikuwa anafungaje?"

Hapo Zornitsa akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kimechanika katikati. "Kwa kiatu, mwalimu. Anasimama, anavaa koti, anabonyeza swichi ya ekstensheni kwa ncha ya kiatu, huku printa bado inanguruma. Miaka tisa tumegombana. Nikimwambia utaiua mashine, ananijibu, mbona wewe hujaniua."

"Mungu ambariki mpuuzi huyo," Latinka akasema, akavuta kibodi.

Alibonyeza hapa na pale, na folda iliyokuwa na mafaili sita ikafurika. Yalijitokeza yamefifia, kama maandishi yaliyoloa, yakiwa na majina yasiyo ya lugha ya mtu: kiwimbi kidogo, herufi tatu, tarakimu. Latinka aliyateremsha kwa kipanya na bado yakaja. Mia mbili na kitu. Miaka tisa ya ncha ya kiatu.

"Haya yote yalikuwa humu?"

"Yalikuwa humu. Ulikuwa unafanya kazi juu yao."

Zornitsa akaonyesha kwa kidevu faili moja dogo mno. "Na hili?"

Latinka akalifungua. Ndani hakukuwa na kitu zaidi ya takataka za alama na maneno mawili: Kalin Dochev.

"Hili ni la jina tu. Alifungua orodha ya bei Jumanne ile, akapiga swichi. Wewe hujaifungua tangu hapo, kwa hiyo limebaki."

"Linasemaje?"

"Linasema orodha ya bei iko mikononi mwa Kalin. Kwamba wengine wangoje amalize."

Zornitsa akaisogelea skrini. "Halijui," akasema.

"Halijui, mwanangu. Litajuaje?"

Wakaendelea. Mafaili makubwa ndiyo yenye maandishi, na mengi yalikuwa matangazo: fremu, msalaba, jina la mtu waliyemzika miaka mitano iliyopita, miaka saba iliyopita. Latinka akakoma ghafla kwenye moja.

"Wifi yangu huyu! Themanini na nne? Themanini na nne! Alituambia ana sabini na tisa mpaka anaingia jeneza. Tazama, hapa wameandika ukweli, kisha mtu akaja kuwasahihisha." Akatikisa kichwa, akafunga, akajifuta jicho kwa kifundo cha kidole. "Haya. Tupange kwa tarehe."

Jumanne ile ilikuwa na moja tu lenye maandishi. Saa nane na dakika kumi na mbili.

Latinka hakulifungua. Kwanza alilinakili, kisha akalinakili tena kwenye kidude cha kuhifadhia alichokitoa mfukoni. Zornitsa alikuwa bado ameikalia mikono yake, ikiwa imekufa ganzi, na hakuitoa.

Likafunguka. Fremu nyeusi, msalaba juu kabisa, na chini ya msalaba:

*Bilyana,*

*Nakuandikia kwenye karatasi ya misiba kwa sababu sijui kutengeneza nyingine. Usiogope fremu. Mama yako atajua namna ya kuitoa, yeye ndiye msomi. Nikirudi Jumatatu nitafuta haya yote tutacheka.*

*Una miaka mitatu na miezi minne. Jana umeng'ata kitunguu kibichi kama tofaa, ukalia, ukaomba kingine. Nataka pawe na mtu anayekumbuka hilo. Hupendi soksi. Unaniita Kalin, huniiti baba, maana unamwiga mama yako, na mimi nimemkataza kila mtu asikurekebishe.*

*Ukinisahau, usijilaumu. Nami siwakumbuki watu wa wakati nilipokuwa na miaka mitatu, na walinipenda.*

*Nimewaandika wafu wa mji huu miaka tisa, na wote nimewapa maneno yale yale: mwema, mpole, hasahauliki. Mimi sikuwa mpole. Nilimfokea mama yako kwa ajili ya mambo ya kijinga, na kuamka asubuhi ilikuwa vita. Lakini jioni nilikuwa nakuja nyumbani mbio. Mwulize mtu yeyote wa mtaa huu. Waliniona nikikimbia.*

*Sasa haya ni ya mama yako. Zori, kuna jambo sijawahi kukuambia, miaka yote hii, na*

Hapo pakaisha.

"Teremsha," Zornitsa akasema.

"Ndiyo mwisho."

"Teremsha, mwalimu."

Latinka akateremsha. Weupe, na mstari wa chini wa fremu.

"Kuna jingine. Lazima kuna jingine, la baada ya hapo. Alipanda basi saa tisa. Alikuwa na dakika nyingi."

"Sikiliza, binti."

"Tafuta la saa nane na nusu!"

"Zornitsa. Nilikueleza. Hili limeshika yale yaliyokuwepo *kabla* hajahifadhi mara ya mwisho. Alihifadhi hapa, saa nane na dakika kumi na mbili. Kisha akaandika, akaandika, akahifadhi tena, akapiga swichi. Barua nzima ilikuwa kwenye Kielelezo lenyewe."

Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Kwenye Kielelezo sasa alikuwa amelala mzee mmoja wa barabara ya mtoni, na chini yake wengine thelathini, na chini ya hao wote Kalin, na chini ya Kalin maneno yake mwenyewe.

"Hakuna watu wanaoweza kuchimba? Mji mkuu?"

"Wapo. Wataichukua mashine, watajaribu. Ningetaka kukudanganya, lakini umeandika juu yake miezi sita. Mimi nisingengoja simu yao."

Zornitsa akafumba macho. Alijaribu kuurudia ukurasa ule, mchana ule, kuanzia chini. Mstari wa mwisho kabisa. Ulikuwa mfupi au mrefu? Ulikuwa na jina lake? Macho yake yalikuwa yameupita, yalikuwa wazi, yalikuwa na uwezo wa kusoma. Lakini kila alipoufikia, maneno yaligeuka bluu.

Akampigia simu Ognyan. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kuna jambo alitaka kuniambia. Halipo. Wewe alikuambia ni nini?"

"Hakuniambia, shemeji. Nilimwuliza, akasema hilo si lako."

"Alisemaje alivyosema? Alikuwa anacheka? Alikuwa analia?"

Zornitsa alimsikia Bilyana kwenye simu, nyuma ya Ognyan, akiimba wimbo wake usio na maneno.

"Alikuwa anahema, Zori," Ognyan akasema. "Basi lilikuwa linawashwa. Alikuwa anakimbia."

Latinka alikuwa ametoka mlangoni kuvuta sigara, na alivuta mbili. Aliporudi alimkuta mwanafunzi wake ametoa mikono, anaisugua damu irudi.

"Tutoe fremu?" Latinka akauliza. "Nikuonyeshe?"

"Najua. Nitaitoa mwenyewe."

Akatoa msalaba kwanza. Kisha fremu, upande kwa upande, maana ndivyo alivyojifunza Alhamisi moja ya mwezi wa pili, na alikosea mara moja akarudia. Barua ikabaki peke yake kwenye weupe. Kishale kilikuwa kinapepesa mwishoni kabisa, baada ya lile neno *na*. Alikiangalia. Angeweza kuandika. Alimjua Kalin miaka kumi na mbili. Hakuna mtu duniani ambaye angemsemea kwa sauti yake vizuri zaidi. Vidole vikasogea mpaka kwenye herufi.

"Mwalimu, nitaihifadhije bila kuandika juu ya kitu kingine?"

"Kwa jina jipya."

Akaiita Bilyana. Lilikuwa faili la kwanza jipya kwenye folda ile baada ya miaka tisa.

Tangazo la miezi sita nalo lilikuwa bado. Latinka alisema atakaa naye. Zornitsa akafungua ukurasa mtupu, akachora fremu yeye mwenyewe, mstari mmoja ukawa mnene kuliko mingine, akauacha. Akaweka picha. Pale ambapo watu wote wa mji wetu huandika hasahauliki, aliandika: Jioni alikuwa anakuja nyumbani mbio. Latinka akasoma, akaenda kuweka karatasi kwenye printa.

Jioni Ognyan alikwenda kubandika kwenye nguzo. Aliporudi alisema yule mama wa duka la mkate alisoma, akaweka chini mfuko wake wa unga pale pale barabarani, akasema, ee, kweli kabisa, mara moja alinigonga na kunimwagia maziwa.

Bilyana alikuwa kitandani, miguu nje ya shuka, bila soksi. Zornitsa akakaa ukingoni na ile karatasi.

"Hii umeandikiwa wewe," akasema. "Na Kalin."

"Kalin yuko kwenye mlango."

"Ile ni picha yake. Hii ameandika yeye. Sikiliza."

Akasoma polepole. Alipofika kwenye kitunguu, mtoto akakunja pua.

"Uongo! Mimi sili kitunguu."

"Ulikula. Ukaomba kingine."

"Nani kasema?"

"Kalin kasema. Imeandikwa hapa, tazama."

Bilyana akaitazama sehemu ile kwa makini, akaigusa kwa kidole, akakinusa. Zornitsa akaendelea. Akafika mwisho, kwenye jina lake, na kwenye lile neno *na*, akakoma.

"Na nini?" Bilyana akauliza.

"Hapo ndipo pameishia."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema mengi. Wino uliisha, karatasi ilichanika. Mtoto wa karibu miaka minne hukubali chochote.

"Palikuwa na mengine, mama akayafuta. Sikujua kama ni yake. Nilifuta, hayarudi."

Bilyana akafikiri. "Mwambie aandike tena."

Zornitsa akalivuta shuka akaifunika miguu ile midogo, na mara ile ile ikatoka.

"Hawezi tena, mwanangu. Lakini hapa juu kuna maneno mengi. Tuanze upya?"

"Anza pale pa kitunguu."

Akajifuta uso kwa kiganja, akaisogeza karatasi karibu na taa, akaanza pale pa kitunguu.